Benki Ndogo Ni ya Nani? Historia ya Mit Ghamr na Mafunzo Yake Kwetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa baada ya Sala ya Alasiri)





Mada niliyopewa ni historia ya benki ndogo na swali la umilikaji wake. Huenda baadhi yenu wakaona ya kuwa hayo ni mambo ya sokoni na si ya msikitini. Lakini ndugu zangu, karibu kila mmoja wetu ana fedha zake, au fedha za mayatima aliowekwa kuwaangalia, au fedha za ujenzi wa msikiti, ndani ya nyumba inayoitwa benki. Anayemkabidhi mtu mali yake humwuliza kwanza, wewe ni nani na mwana wa nani? Lakini anapoikabidhi benki hamwulizi mtu neno. Anasoma jina lililoandikwa juu ya mlango, anapokea kijitabu, anakwenda zake. Leo nataka tuulize lile swali tunalolisahau: benki hii ni ya nani?

AMANA KABLA YA BENKI

Kazi ya kutunza mali za watu ni ya zamani kuliko benki. Mtume Muhammad s.a.w. alikuwa akiwekewa amana na watu wa Makka, hata na wale walioupinga ujumbe wake. Usiku alipohama alimwacha Sayyidna Ali r.a. nyuma ili kila amana imrudie mwenyewe. Watu wale walikuwa wakimtafuta wamwue, na mali zao bado zilikuwa salama mikononi mwake. Hilo ndilo daraja la juu kabisa la uaminifu.

Mfano wa pili unatuingiza ndani zaidi ya mada yetu. Katika Sahih Bukhari imesimuliwa habari ya Zubair bin Awwam r.a. Watu walikuwa wakimjia na mali zao awatunzie. Yeye hakukubali kuzipokea kama amana, bali alitaka ziwe mkopo juu yake. Kwa nini? Kwa sababu amana ikipotea bila uzembe wa mtunzaji, mtunzaji hadaiwi. Lakini mkopo hulipwa kwa hali yoyote. Kwa kufanya hivyo Zubair alijitwika hatari mwenyewe na kumwondolea mwenye mali, na yeye naye akapata ruhusa ya kuizungusha mali hiyo. Alipouawa mwaka wa 36 Hijria, madeni yake yalihesabiwa kuwa 2,200,000. Mwanawe Abdullah aliuza ardhi ya baba yake, akalipa, kisha akakataa kuugawa urithi mpaka atangaze katika misimu minne ya Hija: mwenye kumdai Zubair na aje alipwe.

Ndugu wapenzi, zingatieni sana kisa hiki. Ndani yake yamo mambo matatu ambayo benki yoyote huulizwa. Kwanza, ile fedha imepokelewa kwa mkataba gani: amana, mkopo au ushirika? Pili, ikitokea hasara, ni nani atakayeibeba? Tatu, yuko mtu gani nyuma ya benki ambaye mali yake mwenyewe itauzwa kabla ya mwenye kuweka fedha kupoteza? Wenye kumwekea Zubair walijua majibu yote matatu. Je, sisi tunayajua?

MJI MDOGO KANDO YA MTO NILE

Sasa twende Misri. Kwenye ukingo wa mashariki wa lile tawi la mto Nile liendalo Damietta, katikati ya mashamba ya pamba, kuna mji uitwao Mit Ghamr. Hapo ndipo tarehe 25 Julai 1963 ilipofunguliwa benki ndogo ya akiba isiyotoa wala kupokea riba, na wengi huihesabu kuwa mwanzo wa benki za Kiislamu za zama hizi.

Mwanzilishi wake alikuwa Ahmad al-Najjar, mchumi Mmisri aliyesoma Ujerumani. Huko alitazama benki za akiba za miji na wilaya, ambazo zilikusanya senti za mafundi na wakulima na kuzirudisha katika maendeleo ya mji uleule. Aliporudi kwao alimwona mkulima wa Misri yuko mbali na mambo hayo. Mkulima huyo aliogopa riba kwa ajili ya dini yake, na aliiogopa benki kwa kuwa ilikuwa nyumba ya wakubwa. Basi akiba yake ilikuwa bangili za dhahabu mikononi mwa mkewe au sarafu zilizofichwa ndani ya nyumba. Alipohitaji mbegu au ng'ombe alimwendea mkopeshaji wa kijijini, na riba ya huyo ilikuwa nzito kuliko ya benki yoyote.

Al-Najjar aliona ya kuwa haitoshi kumwambia mkulima kwamba riba ni haramu. Lazima awekewe njia ya halali ya kupitia. Kwa hiyo benki yake ilikuwa na milango mitatu.

Mlango wa kwanza ulikuwa akiba ya kawaida. Mtu aliweka hata kiasi kidogo sana na kukichukua anapotaka. Hakupata faida juu yake, lakini akiisha kuonyesha desturi ya kuweka akiba, alistahili kupewa mkopo mwema usiokuwa na nyongeza.

Mlango wa pili ulikuwa fedha za uwekezaji. Hizi ziliwekwa kwa muda na kuingizwa katika biashara na kazi za uzalishaji, na mwenye kuweka aligawana faida na benki kwa fungu lililokubaliwa. Ikitokea hasara, aliishiriki pia.

Mlango wa tatu ulikuwa mfuko wa huduma, uliopokea zaka na sadaka na kuwasaidia walioshindwa au kupatwa na msiba.

Mtaona ya kuwa milango hii mitatu yalingana na hali tatu za watu: mwenye kidogo, mwenye cha kuzidi, na asiye na kitu. Kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kuingia katika jengo lile. Wafanyakazi walichukuliwa miongoni mwa wenyeji, na sifa ya uaminifu na tabia njema ilitazamwa pamoja na elimu ya hesabu. Al-Najjar na wenzake waliwaendea watu walipokuwa, misikitini na katika mabaraza ya kahawa, wakawaeleza.

Matunda yakaonekana upesi. Katika mwaka wa kwanza waliofungua hesabu walikuwa zaidi ya 17,000. Kufikia mwaka 1967 walizidi 250,000, na matawi yalikuwa yamefika 9. Wengi wao walikuwa watu wasiowahi kabla ya hapo kukanyaga ndani ya benki.

JINA LISILOANDIKWA MLANGONI

Jambo moja katika historia hii huwashangaza wengi. Benki hii iliyofuata sheria ya Kiislamu haikujiita ya Kiislamu. Ilijulikana kuwa ni benki ya akiba ya mji tu. Zilikuwa zama za Rais Gamal Abdel Nasser, na serikali yake ilikitazama kwa shaka kila kikundi kilichoibeba dini mbele yake. Tena ilikuwa imekwisha kutaifisha benki za nchi katika mwaka 1960 na 1961. Katika hali hiyo, jaribio la Mit Ghamr liliweza kuishi kwa ruhusa ya serikali na chini ya mkono wake tu.

Hapa sasa ndipo swali letu linapouma. Benki ya Mit Ghamr ilikuwa ya nani? Ukimwuliza mkulima angejibu: ni yetu. Fedha zilikuwa zake, aliyemhudumia ni kijana wa mji wake, na mkopo ulimnunulia ng'ombe jirani yake. Lakini umilikaji haukai moyoni tu. Hukaa katika hati. Wale watu robo milioni hawakuwa na hisa, hawakuwa na kura, wala hawakuwa na kikao ambamo wangesema ndiyo au la.

Mwaka 1967, matawi yale yalitolewa katika mikono ya waanzilishi na kukabidhiwa Benki ya Taifa ya Misri na Benki Kuu, na kazi ikarudishwa katika mwendo wa riba. Walioandika historia hii wametaja sababu mbalimbali, na kubwa katika hizo ni siasa: serikali haikupenda kuona nguvu ya watu ikikua mahali isipopashika vizuri. Waliohesabu fedha hawakusema kwamba benki ilifilisika. Haikuuawa na hasara. Ilikwisha kwa sababu aliyekuwa na haki ya kuiamulia hakuwa yule aliyeipenda.

Mwaka 1971, chini ya Rais Sadat, serikali ya Misri ilianzisha Benki ya Kijamii ya Nasser, isiyotumia riba. Ni ajabu ya historia kwamba wazo lile lilirudi likibeba jina la rais ambaye lilizimwa katika utawala wake. Lakini hii nayo ilikuwa ya serikali tangu siku ya kwanza.

NDUGU YAKE ALIYEISHI

Mwaka uleule wa 1963, mbali sana na Misri, wazo la namna hiyo lilizaliwa katika nchi ya Malaya. Mchumi Ungku Aziz alikuwa ameona jinsi wanakijiji walivyouza mashamba na mifugo ili waende Hija, wakarudi wakiwa mafukara. Akapendekeza mwaka 1959 kiwepo chombo cha kuweka akiba ya Hija bila riba. Kilianza mwaka 1963 kikiwa na wanachama 1,281 tu, na leo, kwa jina la Tabung Haji, kina wanachama kwa mamilioni.

Kwa nini huyu aliishi na yule wa Misri akafa? Sababu moja ni kwamba Tabung Haji kilisimamishwa na sheria ya nchi kilichopewa kwa jina lake, ikieleza wazi kazi yake na haki za wanaoweka akiba. Wala msidhani ya kuwa sheria pekee inatosha. Mwaka 2018 ilibainika ya kuwa mali za chombo hicho zilikuwa zimepungua chini ya madeni yake kwa wanachama, na serikali ya Malaysia ikalazimika kukiokoa. Basi hati humlinda mwenye mali na mnyang'anyi wa nje. Lakini dhidi ya uendeshaji mbaya wa ndani hakuna kinga ila macho yaliyofunguka.

MBEGU INAFIKA AFRIKA MASHARIKI

Al-Najjar hakukata tamaa. Baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa jumuiya ya kimataifa ya benki za Kiislamu iliyoanzishwa mwaka 1977. Mwaka 1975 mfanyabiashara Saeed bin Ahmed Al Lootah alikuwa amekwisha kuanzisha Dubai Islamic Bank, benki ya biashara iliyo kamili. Angalieni badiliko lililotokea. Mit Ghamr ilikuwa ya wakulima chini ya serikali. Hii ya Dubai ilikuwa kampuni yenye wenye hisa. Tangu hapo benki nyingi za Kiislamu zimefuata mfano wa Dubai kuliko wa Mit Ghamr.

Kwetu Afrika Mashariki mlango ulifunguka taratibu. Sheria za benki tulizorithi kwa Waingereza zilimkataza mwenye benki kufanya biashara ya kununua na kuuza bidhaa, na zilijua neno moja tu la pato la akiba, nalo ni riba. Mwenye kutaka kununua gari na kumwuzia mteja wake kwa faida alikuwa anavunja sheria. Nchini Kenya sheria ililegezwa, ikakubaliwa kwamba akiba iweze kupata pato lisilokuwa riba. Mwaka 2005 benki kubwa ya kawaida, Barclays, ilifungua hesabu iliyoitwa La Riba. Kisha mwaka 2008 benki mbili kamili za Kiislamu zikafungua milango jijini Nairobi: Gulf African Bank na First Community Bank. Mwaka 2011 Amana Bank ikafunguliwa Dar es Salaam. Mwaka 2017 Dubai Islamic Bank yenyewe ikapata leseni Nairobi.

Nataka tuitazame kwa karibu First Community Bank, kwa kuwa habari zake zinajibu swali letu vizuri. Ilianzishwa na wawekezaji wa Afrika Mashariki na wa nchi za Ghuba. Ilikuwa ndogo, na ilibaki ndogo katikati ya benki kubwa za Kenya. Mwezi Machi 2023, hisa 62.5 katika kila 100 za benki hiyo zilichukuliwa na Premier Bank ya Somalia, na baadaye benki yenyewe ikachukua jina la Premier Bank Kenya.

Wengi walioweka fedha humo walilijua jambo hili walipoona kibao kipya mlangoni. Tena sheria haikuvunjwa hata kidogo. Sheria ya benki ya Kenya husema ya kuwa mtu binafsi haruhusiwi kumiliki zaidi ya asilimia 25 ya hisa za benki, ila wako wachache wanaoruhusiwa kuvuka mpaka huo, kama serikali, au benki nyingine, au kampuni ya nje iliyo na leseni ya benki kwao. Ndiyo maana benki ya Mogadishu iliweza kushika zaidi ya nusu, jambo ambalo tajiri mmoja wa Nairobi asingeliweza.

Na katika hili liko zingatio. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, benki za nchi ile zilikufa. Kilichobaki ni hawala, yaani watu kutumiana fedha kwa kuaminiana na kwa kujuana jamaa kwa jamaa. Nchi iliyokaa miaka mingi bila benki imezaa benki inayomiliki benki ya jirani. Kumbe uaminifu ukibaki, mtaji hurudi. Uaminifu ukitoka, mtaji haukai.

MWENYE NANE HUAMULIA MIA

Sasa ndugu zangu, naomba mnisikilize vizuri, kwani hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Sheria ya Kenya inaitaka benki iwe na mtaji wa wenye hisa usiopungua shilingi 8 kwa kila shilingi 100 zilizowekwa na wateja. Benki nyingine huwa na zaidi ya hapo, lakini kipimo cha chini ndicho hicho. Maana yake ni nini? Ni kwamba mwenye kuleta nane ndiye anayechagua wakurugenzi, ndiye anayekula faida inayobaki, na ndiye anayeweza kuuza benki. Na mwenye kuleta mia hana kura hata moja.

Katika benki ya kawaida jambo hili lina sababu yake. Mwenye kuweka fedha ni mkopeshaji. Anaidai benki fedha yake yote, na hasara ikitokea huangukia kwanza wenye hisa. Hiyo ni hali inayokaribia ile ya wadai wa Zubair r.a., isipokuwa imechafuliwa na riba.

Lakini katika benki ya Kiislamu, aliyeweka fedha zake katika hesabu ya uwekezaji kwa mkataba wa mudharaba si mkopeshaji. Ni mshirika. Biashara ikileta faida, atagawana. Ikileta hasara bila uzembe wa benki, mtaji wake utapungua, wala hawezi kumdai mtu. Basi ameibeba hatari ya mwenye mali, na hajapewa sauti ya mwenye mali. Yuko katikati: si mdai mwenye dhamana wala si mmiliki mwenye kura. Wataalamu wa fedha za Kiislamu wameujadili upungufu huu, nao haujakwisha. Ni haki yetu kuujua kabla ya kutia sahihi.

Tena kosa la umilikaji haliulizi dini. Katika muda usiofika mwaka mmoja benki tatu za Nairobi ziliwekwa na Benki Kuu chini ya usimamizi maalumu: Dubai Bank Kenya mwezi Agosti 2015, Imperial Bank mwezi Oktoba 2015, na Chase Bank mwezi Aprili 2016. Ya mwisho ilikuwa na dirisha la huduma za Kiislamu ndani yake. Hesabu zake za mwaka 2015 zilitolewa mara mbili, na zile za pili zilionyesha mikopo mikubwa zaidi iliyopewa watu wa ndani ya benki. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya benki ndogo: mwenye kukopesha na mwenye kukopa wanaweza kuwa watu walewale, wakizungusha fedha za mwananchi asiyekuwepo katika kikao. Jina zuri, ndevu, kanzu, kibao cha kijani, hakuna hata kimoja katika hivi kinachozuia jambo hilo.

UMILIKAJI WA BIDHAA

Neno umilikaji lina upande mwingine katika benki zetu. Mkataba unaotumika sana leo ni murabaha. Mteja anataka pikipiki. Benki huinunua, kisha humwuzia kwa bei ya juu kidogo ambayo atailipa kwa awamu. Wako wanaosema: hii ni riba iliyovaa kilemba. Jibu lake liko katika umilikaji. Mtume s.a.w. alimkataza Hakim bin Hizam r.a. asiuze kisicho mkononi mwake. Kama benki imeinunua pikipiki kweli, ikawa mali yake, hata ingaliibiwa usiku ule hasara ingalikuwa ya benki, basi hiyo ni biashara, na katika Sura ya Pili, aya ya 275, Mwenyezi Mungu ameitenga biashara na riba. Lakini kama pikipiki haikupata kuwa ya benki ila kwenye karatasi, na benki haikubeba hatari yake hata saa moja, basi mwenye kuuliza swali ana haki ya kuuliza, na bodi ya masheikh ya benki hiyo ina wajibu wa kujibu.

WAJIBU WETU

Je, tuziache benki hizi turudie kuficha sarafu ndani ya magodoro? La hasha. Mit Ghamr yenyewe ilianzishwa kuwatoa watu huko. Mwizi, moto na panya havina bodi ya wakurugenzi wala mkaguzi. Ninalowaomba ni tuwe watu wenye kuuliza. Katika Sura ya Pili, aya ya 282, tumeamrishwa tuyaandike madeni yetu na tuweke mashahidi, nayo ni miongoni mwa aya ndefu kupita zote katika Kurani Tukufu. Mola aliyelieleza jambo hili kwa urefu huo hakutaka tuweke mali zetu kwa kufumba macho.

Kwanza, kila mmoja aulize: fedha yangu imepokelewa kwa mkataba gani? Kama ni mkopo mwema kwa benki, au amana, nidai yote. Kama ni mudharaba, nielezwe fungu langu la faida na niambiwe wazi habari ya hasara.

Pili, tujue wenye hisa wakubwa ni nani. Benki hutangaza hesabu zake kwa ajili ya watu wote. Asiyeweza kuzisoma ampe kijana wake aliyesoma uhasibu. Atazame mtaji ukilinganishwa na amana, mikopo isiyolipika, na mikopo waliyopewa wakurugenzi na jamaa zao. Mambo hayo matatu yanatosha kuonyesha nyumba iliyo na ufa.

Tatu, tujue mpaka wa kinga. Nchini Kenya bima ya amana humlipa kila mteja hadi shilingi 500,000 benki ikianguka. Kabla ya mwaka 2020 ilikuwa shilingi 100,000 tu. Kinachozidi hapo hungojea mali za benki ziuzwe. Basi fedha za msikiti zinazozidi kiasi hicho zisiwekwe mahali pamoja kwa uvivu wa kutembea.

Nne, na hili nalielekeza hasa kwa kamati za misikiti: hesabu ya msikiti iwe kwa jina la taasisi iliyosajiliwa, wala isiwe kwa jina la mtu, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Watia sahihi wawe zaidi ya mmoja, na jamaa wasomewe hesabu kila mwaka. Mtunza hazina akifa, warithi wake wasije wakagombana na waumini. Tumeona Mit Ghamr, kitu kilichokuwa cha watu moyoni kikaondoka kwa sababu hakikuwa chao katika hati. Msiba huohuo waweza kutokea katika kisanduku cha msikiti wa mtaa.

Tano, wenye uwezo miongoni mwetu wasiridhike kuwa wateja. Sheria iliyopitishwa Kenya mwishoni mwa mwaka 2024 imepanga mtaji wa chini wa benki upandishwe kwa ngazi, kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10 ifikapo mwisho wa mwaka 2029. Benki ndogo italazimika kutafuta washirika wapya, au kuungana na nyingine, au kununuliwa. Wenye hisa wapya watatoka wapi? Kama Waislamu wenye biashara na mashamba hawatanunua hisa, watanunua wengine, na hakuna wa kulaumiwa. Hisa chache mikononi mwa watu wengi waliojiunga katika chama kimoja ni kura moja yenye uzito. Mwenye kura huingia katika mkutano mkuu, husimama, huuliza, na jibu lake huandikwa.

Ndugu wapenzi, wakulima wa Mit Ghamr walithibitisha kwa miaka minne ya kwamba maskini aweza kuweka akiba, aweza kuaminiwa mkopo, na aweza kulipa pasipo riba. Hilo halikubatilishwa na mtu mpaka leo. Kilichowapungukia ni mamlaka juu ya kile walichokijenga kwa senti zao. Sisi tunaishi katika zama ambazo mlango huo uko wazi kwetu: sheria zinaruhusu, hesabu zinatangazwa, hisa zinanunuliwa. Tukiuacha, tusije kesho tukasimama mbele ya kibao kipya tukiulizana ni nani aliyeiuza benki yetu, hali haikupata kuwa yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atupe uaminifu wa kutunza za wenzetu na akili ya kulinda zetu, na atuepushe na riba na kila kinachofanana nayo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.